Kugusa Wavu

Mchezo usiokuwa na mwamuzi haukosi sheria. Hukosa mtu aliyewekwa kuzisema. Kazi ya kuzisema huwaangukia wachezaji wenyewe, nao aghalabu huipokea pasipo kujua kuwa wameipokea. Hali hii yaonekana waziwazi katika mpira wa wavu unaochezwa kwa burudani katika pwani ya Tanga, tangu Mkinga upande wa kaskazini hadi Pangani na Ushongo upande wa kusini. Jua likipunguza ukali, vijana huchimbia miti miwili mchangani, hufunga wavu, huchora mistari kwa kisigino au hutandika kamba, kisha hugawana pande. Hapana filimbi, hapana kiti kirefu, wala karani wa kuandika pointi. Hesabu huwekwa vinywani na ushahidi huwekwa nyoyoni.

Mchezo wenyewe haukuzaliwa hapa. William G. Morgan aliubuni mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya watu ambao mpira wa kikapu uliwachosha kupita kiasi. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, na ule wa mchangani, wenye wachezaji wawili kila upande, ukafuata mjini Atlanta mwaka 1996. Katika mashindano hayo uwanja wa mchanga una urefu wa mita 16 na upana wa mita 8, na wavu wa wanaume husimama mita 2.43 kutoka chini. Pwani ya Tanga haipimi hivyo. Wachezaji huwa wanne, watano au sita kila upande kwa kadiri ya waliofika, na wavu hufungwa pale unapofika mkono wa aliye mrefu kati yao. Lakini sheria moja imevuka bahari pasipo kupungua: mchezaji aliye katika tendo la kuucheza mpira akigusa wavu, amekosa, na pointi ni ya upande wa pili.

Basi ichukuliwe alasiri moja ambayo hesabu imefika 20 kwa 19. Mchezaji mmoja aruka, aushindilia mpira, nao waanguka katikati ya uwanja wa wapinzani. Wenziwe washangilia, seti imekwisha, kwani kikomo ni 21. Ila ncha ya kidole chake imegusa uzi wa wavu wakati mkono ulipokuwa ukishuka. Mguso huo haukuutikisa wavu kupita vile upepo ulivyokuwa ukiutikisa. Hapana aliyeuona, na hapana aliyeuliza. Je, ana wajibu wa kusema?

Wanaomtetea anyamaze wana hoja zisizostahili dharau. Husema, kwanza, kuwa kunyamaza si kusema uongo; hakuulizwa, na mtu hana deni la jibu kwa swali ambalo halikutoka. Pili, ushindi si wake peke yake. Wenziwe wametoka jasho, wamejitupa mchangani kuokoa mipira iliyokwisha kukatiwa tamaa, na mtu akitoa jasho la wenziwe kwa wapinzani kwa ajili ya raha ya moyo wake mwenyewe, hiyo si hisani; ni ukarimu wa mali isiyokuwa yake. Tatu, husema kuwa wapinzani nao wamegusa wavu mara ngapi wakanyamaza? Makosa hulipana, na mwisho wa siku mizani husimama sawa.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni hukumu juu ya watu wasiokuwapo barazani, na mwenye kuitoa hana ushahidi ila dhana yake. Hoja ya kwanza ina nguvu, lakini nguvu zake ni za mahali pengine. Mchezaji wa mpira wa miguu aliye mbele ya mwamuzi aweza kusema kuwa kazi ya kuhukumu imepewa mtu mwingine. Kama kauli hiyo yapendeza au haipendezi ni jambo la mjadala wake. Mchezaji wa mchangani hana kauli hiyo. Siku alipokubali kucheza pasipo mwamuzi alikubali, kama wenziwe wote, kuwa mwamuzi wa mwili wake mwenyewe. Shahidi akinyamaza, pengine amejizuia tu. Mwamuzi akinyamaza amekwisha kuhukumu, kwa maana mpira unaoachwa bila neno huhesabiwa kuwa halali. Kwa hiyo kimya cha mtu yule ni hukumu kamili, na ni hukumu ambayo yeye peke yake ajua kuwa ni ya uongo.

Hoja ya pili ndiyo inayouma. Ni kweli kwamba hasara itawapata wengine. Walakini pointi ile haikupata kuwa yao. Mtu hawezi kutoa mali ya wenziwe ambayo wenziwe hawakumiliki. Jibu hili ni sahihi, na bado ni baridi mno kwa watu waliokwisha kukumbatiana. Wao wameona mpira ukianguka, hawakuona kidole. Kwa macho yao, ndugu yao amesimama katikati ya furaha akawanyang'anya. Ugumu wa jambo hili haumo katika kupambanua haki. Umo katika kuwatazama usoni watu watatu au wanne anaokwenda nao shule, au sokoni, au baharini, na kusema neno moja: nimegusa.

Kiswahili kina neno ambalo laifaa hali hii kuliko neno la sheria au la kosa, nalo ni amana. Amana ni kitu cha mtu mwingine kilichowekwa mkononi mwa mtu pasipo hati. Thamani yake yatokana na jambo hilohilo: kikikataliwa, mwenyewe hana la kuonyesha. Ujuzi wa mguso ule ni mali ya wapinzani. Bahati imeuweka katika kidole cha adui yao, na hawana njia ya kuudai kwa sababu hawajui kuwa upo. Katika bao mambo si hivi. Kete ziko machoni pa wachezaji wawili na watazamaji kumi, na mkono unaosambaza kete unafuatwa na macho ya baraza nzima. Mguso wa wavu haubaki popote ila katika ngozi ya aliyegusa.

Na upepo nao huleta fitina yake. Kusi likivuma katikati ya mwaka, wavu uliofungwa kwa kamba dhaifu huvimba kama tanga, na mchezaji aliyesimama karibu huguswa kabla hajagusa. Sheria za mchezo husema kuwa mpira ukiusukuma wavu hata ukampata mchezaji, hilo si kosa lake. Wachezaji wa pwani wameinyosha huruma hiyo hadi kwenye upepo, na si vibaya. Lakini penye nafasi ya huruma pana nafasi ya hila, na si mara chache mtu aliyeuparamia wavu kwa kifua chake akasingizia kusi siku ambayo majani ya minazi yametulia kimya.

Mbaya zaidi ni kiapo. Mpira waanguka karibu na mstari, wengine wasema ndani, wengine wasema nje, na mara mtu anyanyua mkono na kuapa kwa jina la Mungu kuwa hakugusa au kuwa ameona. Jina ambalo wazee walilitumia kwa mpaka wa shamba, kwa deni na kwa ndoa, latumika kwa pointi moja ambayo kesho haitakumbukwa. Aliye mkweli akishaapa kwa jambo dogo, hana kikubwa zaidi cha kuapia siku ya jambo kubwa. Na aliye mwongo ameongeza dhambi juu ya pointi. Katika viwanja vyenye adabu, mpira wenye shaka hurudiwa kuanzishwa, na mchezo huendelea kabla jasho halijakauka.

Wakubwa wa mchezo huu duniani nao wameligusa suala hili kwa njia yao. Mwaka 2023, katika Ligi ya Mataifa ya mpira wa wavu wa ukumbini, shirikisho la kimataifa lilianzisha kadi ya kijani kwa mchezaji anayekiri kosa lake mwenyewe kabla picha za video hazijaangaliwa, na timu ya kadi nyingi ikawekewa zawadi ya fedha. Nia ilikuwa njema, na wakati huokolewa. Lakini mwenye kukiri mbele ya mashine iliyo tayari kumfichua hajabeba amana, amefanya hesabu. Kijana wa Tanga anayekiri mguso ambao hapana mashine wala jicho lililouona, naye halipwi chochote ila manung'uniko, yuko katika daraja nyingine. Yamkini fedha zaweza kufunza mkono tabia ambayo moyo utaifuata baadaye. Yamkini pia moyo ukazoea kusubiri kadi.

Ikubaliwe basi kuwa kila mtu akiri kosa lake. Hapo hutokea kero nyingine, nayo ni ya mtu anayekiri makosa ya wenziwe. Huyu hukumbuka sheria zote. Husimamisha mchezo kumweleza binti aliyeshika mpira kwa mara ya kwanza kuwa vidole vyake havikutengana sawasawa, na humhesabia kila mguso. Hasemi uongo hata kidogo, na kila mtu hutamani aende zake. Ukweli wake hauna bei kwa sababu haumgharimu kitu. Kinacholipa ni uso wa mwenziwe. Pengine ndiyo sababu desturi njema ya mchangani huenda upande mmoja: mtu huwa mkali juu ya kidole chake, na mzito wa kusema juu ya kidole cha mwingine, isipokuwa pale ambapo mwenye nguvu anamdhulumu mnyonge asiyethubutu kusema.

Kero zilizosalia zajulikana na kila aliyecheza. Yuko anayekula mipira ya wenziwe: mpira waenda kwa mnyonge, naye huruka mbele yake kwa kuwa amekwisha kuamua kuwa mnyonge ataukosa, na kwa kuwa mnyonge hapewi mpira, kweli hajifunzi, na kweli siku akiupata huukosa. Yuko anayeupiga mpira teke kwa hasira hata ukaingia majini, kisha akaketi akingoja mdogo wake aufuate. Yuko anayefika wavu umekwisha kufungwa na kuondoka kabla haujafunguliwa. Kosa dogo la mwenziwe humtia kelele, hali neno "pole" lingetosha, na hugharimu pumzi chache kuliko tusi.

Wasichana hupata fungu la mwisho. Katika viwanja vingi huachiwa mpira jua likikaribia kuzama, wakati hata mwenye macho mazuri hauoni ukija. Hapana sheria iliyowaweka hapo. Ni zamu tu isiyofika. Kutoka nchi jirani ya Kenya, Gaudencia Makokha na Brackcides Agala walicheza mpira wa mchangani katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na si rahisi kuamini kuwa walifika huko kwa mipira ya magharibi.

Halafu wako watu ambao hawachezi kabisa. Kabla ya wavu wa mpira, pwani hii ilikuwa na nyavu za samaki, na neno ni lilelile. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, saa ileile ambayo wachezaji hutoka nyumbani. Bahari hupanda hata ikala uwanja, na kinachobaki ni ukanda mwembamba chini ya minazi, ambao ndio njia ya kupandishia ngalawa. Mvuvi aliyetoka usiku hurudi akakuta miti miwili imesimama njiani mwake na vijana wenye mbio. Hana haja ya kujua hesabu imefika ngapi. Akisema "Nipisheni, wanangu," wenye adabu husimamisha mchezo hata ikiwa ni 20 kwa 19, na wawili watatu huenda kumsaidia kusukuma chombo. Lakini pia wako wanaomwambia, "Subiri, mzee, mpira mmoja tu," naye husubiri akiwa amesimama majini hadi magotini, mkono juu ya ubavu wa ngalawa yake. Maji mafu yakija, mchanga huwa mpana na mgogoro huu husahauliwa kwa juma zima. Kisha mwezi hukua tena.

Turudi kwa kijana wa kidole. Tuseme amesema. Hesabu ikawa 20 kwa 20, na upande wake ukashindwa 22 kwa 20. Hapana aliyemtukana, walimzidi kwa kimya. Njiani wenziwe walitangulia hatua kumi mbele wakizungumza habari za mwanzishaji wa upande wa pili, na wavu, ambao siku zote hubebwa na watu wawili, ulibaki begani mwake peke yake. Siku ya pili, pande zilipogawanywa, jina lake halikutajwa mapema. Aliketi juu ya kisiki cha mnazi na kandambili za wengine miguuni pake. Seti ilikuwa katikati mpira ulipoanguka juu ya kamba, au karibu nayo, na zogo likaanza. Kisha mmoja akageuka kuelekea kisiki, na wa upande wa pili akageuka pia. "Ewe," wakamwita, "umeuona? Ndani au nje?"