Kurudishwa Uraiani

Hebu tuanze na neno. Mwanajeshi akikosa kosa dogo huwekwa mahabusu, hukatwa mshahara, hushushwa cheo. Akikosa kubwa, juu ya adhabu nyingine huvuliwa gwanda na kurudishwa uraiani. Sasa uraiani ni wapi? Ni hapa hapa tulipo mimi na wewe, tunaponunua sigara moja moja dukani na kugombea siti za basi. Sisi tunakaa humu tangu tuzaliwe, wala hakuna aliyetuambia kwamba ni adhabu.

Nataka tulitazame jambo hili kwa kosa moja tu, la kukutwa na bangi kwenye mkojo. Wenye kinyaa mnisamehe.

Tuseme yupo kijana wa Hanang, au wa Mbulu. Simtaji mtu, natunga mfano. Kamaliza kidato cha nne, shamba la baba limegawanywa kwa ndugu watano, bei ya vitunguu saumu imeanguka, ng'ombe waliobaki unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Anaingia JKT, anavumilia, anachukuliwa jeshini. Nyumbani wazee wanamwombea, pombe inanyweka, mama analia kwa furaha. Baadaye anapata likizo ya siku 28, anashuka Katesh na begi lake, na pale kijiweni anawakuta washikaji wa shule ya msingi. Jioni nyingi za likizo ile msokoto unazunguka naye haupishi. Siku ya sita baada ya kurudi kambini wanapangwa foleni, kila mtu na kikopo chake mkononi.

Kikopo kinasema ndiyo. Lakini kinasema ndiyo kwa swali gani?

Hapa ndipo penye utata. Pombe hutoka mwilini haraka, aliyelewa jana usiku kwa kawaida kesho yake jioni hana kitu cha kupimwa. Heroini huonekana kwenye mkojo kwa siku mbili tatu hivi. Bangi ina tabia yake ya kipekee. Ile THC inayolevya ikishavunjwavunjwa na ini, masalia yake hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo, kiasi kwamba mvutaji wa kila siku anaweza kukamatwa na kipimo wiki kadhaa baada ya kuacha. Kichwa chake kimetulia zamani, lakini mkojo bado unasimulia. Kwa hiyo kipimo kile hakipimi ulevi, kinapima kumbukumbu. Yule aliyejigaragaza mtaroni juzi kwa gongo anapita foleni akipiga mluzi, na huyu mwenye macho meupe siku sita nzima anaanguka. Tena mjanja akishaijua hesabu hiyo anaweza kuona afadhali ahamie kwenye unga, maana unga husahauliwa upesi. Sidhani kama hilo ndilo jeshi lolote linalolitaka.

Wenye kuifanya hesabu hii kwa ukali zaidi ni Wamarekani, na wapo vijana wa Afrika Mashariki waliovaa gwanda lao ambao hupanga foleni hiyo. Kule nanogramu 15 tu za masalia ya bangi katika mililita moja ya mkojo zinatosha kumpeleka mtu mbele ya mkuu wake. Ukali huo una historia. Mwezi Mei 1981 ndege ya kivita ilianguka ikitua juu ya meli yao iitwayo Nimitz, watu 14 wakafa. Baadhi ya mabaharia waliokufa pale juu walikutwa na dalili za bangi miilini. Jeshi la majini likawaka, na tangu hapo upimaji ukawa sheria isiyo na huruma. Kuna jambo lililosemwa kwa sauti ya chini zaidi: rubani mwenyewe alikutwa na dawa ya mafua mwilini, kwa kiasi kinachozidi sana kile cha kawaida. Dawa ya mafua, bwana. Bangi ikapata vita yake, mafua hayakupata.

Hapa kwetu mkojo umewahi kufikishwa mahakamani mchana kweupe. Februari 2017, katika ile kampeni ya Dar es Salaam ya kutaja majina hadharani, askari polisi kadhaa walisimamishwa kazi wakisubiri uchunguzi, na mfanyabiashara Yusuf Manji alipimwa mkojo akashtakiwa Kisutu kwa kutumia heroini. Oktoba mwaka huo huo mahakama ikamwachia huru. Alikuwa na mawakili, na kikopo kililazimika kuhojiwa kama shahidi mwingine yeyote. Kuruta wetu wa Hanang atamhoji nani? Atasimama wima, mikono ubavuni, atajibu "ndiyo afande", basi.

Lakini nisije nikaonekana nalitetea jani. Jeshi lina hoja, tena nzito, na anayeicheka hajasoma historia ya nchi yake. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito kwa ajili ya mishahara na maofisa wa Kiingereza. Siku chache baadaye Mwalimu Nyerere, mtu aliyeleta uhuru, ikambidi aombe askari wa Uingereza hao hao waje kuwanyang'anya silaha. Aibu ile haikusahaulika. Jeshi likavunjwa, na Septemba 1964 likazaliwa jingine likaitwa la Wananchi. Nidhamu kwao si kupiga viatu tu. Ni ukuta unaomtenganisha mwenye bunduki na sisi tusiokuwa nayo.

Watu wa Katesh wanalijua hilo kuliko msomaji wa mjini. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang uliporomosha matope, mawe na miti juu ya mji, zaidi ya watu 80 wakafa. Wanajeshi walikuja, wakachimba. Fikiria maana yake: vijana wageni wanaingia kwenye nyumba zilizobomoka, kuna maiti, kuna masanduku ya watu, kuna fedha za mtu zilizofungwa kwenye kitambaa. Ungependa anayeingia kwako siku hiyo awe amepimwa kikopo? Mimi ningependa. Ningependa awe mtu ambaye akiambiwa "usiguse" haguswi na tamaa. Wala mwenye kusinzia lindoni sitaki anilinde, awe amesinzia kwa bangi, kwa pombe, au kwa hiyo dawa ya mafua.

Kwa hiyo mnyang'anyeni bunduki. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu unaanza baada ya bunduki kupokelewa ghalani, pale karatasi inapoandikwa.

Maana anayerudi siyo yule aliyeondoka. Huyu amefundishwa kulenga, kuvizia, kutolala. Anashuka stendi bila gwanda. Kijijini hawasemi kitu mbele yake, ila kijiweni anaitwa "afande" kwa kicheko, na jina hilo litamganda mpaka azeeke. Baba hamuulizi, na huko kutoulizwa ni kubaya kuliko kuulizwa. Akienda kuomba ulinzi kwenye kampuni za mjini wanataka karatasi ya jeshi, na karatasi ndiyo hiyo. Sasa kambi imesafishwa. Na hatari, kama kweli alikuwa hatari, imekwenda wapi? Imehamia kwetu, tena sasa ina hasira na haina mshahara. Jeshi limepiga deki chumbani kwake, maji machafu likayamwaga uani kwa jirani, halafu jirani huyo huyo ndiye mwenye jina lake kwenye kibao: la Wananchi.

Wairaqw wa Mbulu walikuwa na kutengwa kwao, wakikuita metimani. Mtu, au nyumba nzima iliyoguswa na jambo zito, vifo vya aina fulani kwa mfano, ilikaa kando: haiingii kwa wengine, haili nao, haichoti nao maji. Nisiwapambe wazee wetu. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alifukuzwa akazalie porini, na mwanaume aliyempa mimba ile alilala kwake, kwenye joto. Huo ulikuwa ukatili na nafurahi unakufa. Lakini katika kutengwa kule kwa msiba kulikuwa na kitu ambacho karatasi ya jeshi haina, nacho ni siku ya mwisho. Muda ulijulikana, ukiisha unatakaswa, unarudi kula na watu. Jirani zao Wabarabaig wana baraza la wanawake, na mwanaume aliyevunja heshima ya mwanamke anaweza kutozwa ng'ombe dume. Analipa, inauma, inakwisha. Hakuna anayemwandika kwamba yeye ni mvunja heshima wa kudumu.

Utasema hayo ni ya kijijini, dawa za kulevya ni ugonjwa wa kisasa, mla unga haponi. Wamarekani nao walifikiri hivyo. Mwaka 1971 waligundua kwamba askari wao wengi kule Vietnam walikuwa wanatumia heroini, wakaanza kuwapima mkojo kabla ya kuwapandisha ndege: anayeshindwa habanduki mpaka asafike. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia walipofika nyumbani. Karibu mmoja kati ya kila watano alijieleza kuwa alikuwa mtumwa wa heroini vitani, na nchi nzima ilingoja mafuriko ya mateja. Hayakuja. Wengi mno wa watumwa wale walikuwa wameacha, na waliorudia utumwa mwaka ule wa kwanza walikuwa wachache sana. Mahali palibadilika, watu wakabadilika. Nasi wenyewe tangu Februari 2011 Muhimbili inawapa methadoni watumiaji wa heroini, kila siku, kwa mkono wa serikali. Yaani mkono mmoja wa dola unamwambia mla unga wa Kinondoni kwamba yeye ni mgonjwa, njoo kesho tena. Mkono mwingine, kwa jani, unamwambia kijana wa miaka 22 kwamba amekwisha.

Mkuu wa kikosi akinisoma, kama wakuu wa vikosi husoma magazeti madogo kama haya, ataniuliza nani atakayejibu siku kijana huyo akirudishiwa bunduki akaua mtu kizuizini. Ni swali la haki. Ndiyo maana sisemi arudishiwe kesho. Jeshi lina mashamba, lina karakana, lina mifugo. Apewe jembe mwaka mzima, mshahara nusu, apimwe kila mwezi bila kuambiwa siku. Akianguka mara ya pili aende zake, nami sitaandika tena juu yake. Na hata hiyo karatasi ya kumwachisha, kama haikwepeki, iandike kosa na tarehe yake, ikome hapo, isiongeze kwamba hafai, ili mwenye kampuni ya ulinzi kule Babati akiisoma baada ya miaka mitano aweze angalau kuhesabu miaka.