Ridhaa ya Nani?



Nilianza kupenda kupiga picha nikiwa likizo nyumbani Rhotia, mwezi wa saba. Kifaa changu ni simu tu, tena kioo kimepasuka pembeni. Mwezi huo kwetu ni baridi, na asubuhi ukungu unatanda mashambani. Siku moja nikauona ukifunguka polepole juu ya maharage yaliyoanikwa, nikapiga. Kesho yake niliamka saa kumi na moja alfajiri bila kengele, jambo ambalo hata seminari haijafanikiwa kunifundisha!

Mtu kama mimi anaitwa mpiga picha wa ridhaa: halipwi, anafanya kwa kupenda. Nililifurahia hilo jina. Sikujua kwamba litakuja kunihukumu.

Jioni moja nilimwona bibi mmoja, jirani yetu, akipepeta maharage uani kwake. Ungo, mikono yake, vumbi likiwaka kwenye jua la kuzama. Nikapiga nikiwa njiani, wala hakuniona. Nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp na maneno haya: "Maisha magumu ya wazee wetu vijijini. Tuwaombee." Watu wakasifia sana. Wengine wakaandika "Amina".

Siku ya tatu nikaitwa. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa." Akanimiminia chai kwanza. Kisha akauliza, wala hakuwa na hasira: "Mjukuu wangu, nani alikwambia maisha yangu ni magumu?"

Sikuwa na jibu. Bibi yule ana ng'ombe sita, na mwaka huo maharage yalikuwa yamemkubali. Alivaa nguo zilizochakaa kwa sababu alikuwa kazini. Umaskini niliuweka mimi, maana picha ilinoga zaidi hivyo.

Kilichoniuma ni hiki. Rhotia iko kwenye barabara ya lami iendayo Ngorongoro. Tumekua tukiwapungia watalii mikono, tukipigwa picha ambazo hatujawahi kuziona. Utotoni nilikuwa najiuliza: huko kwao, chini ya picha yangu wameandika nini? Kumbe nimekua, na nimemfanyia jirani yangu yaleyale.

Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa Yohane Paulo II, alitoa mwaka 1960 kitabu kuhusu upendo na uwajibikaji. Hoja yake kubwa: mtu si chombo cha kutumiwa, kinachomstahili ni kupendwa. Somo hilo nimelisoma darasani, na mtihani nilifaulu. Lakini sikuwa nimeelewa kwamba unaweza kumtumia mtu bila kumgusa, hata kwa kumhurumia.

Mtu ataniuliza: je, kila picha isubiri ruhusa? Chukua mfano wa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kupiga picha akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na kamera ya Box Brownie. Oktoba 1984 alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia. BBC ilipozirusha picha zile, dunia ilishtuka na misaada ikamiminika. Angesubiri kila mgonjwa akubali, huenda wengi zaidi wangekufa kimyakimya. Ni kweli, na sina jibu rahisi. Ila picha zile ziliwafaa waliopigwa. Yangu ilimfaa nani? Mimi na sifa zangu.

Ridhaa ina maana mbili: kufanya jambo kwa kupenda bila malipo, na kukubali. Ya kwanza nilikuwa nayo. Ya pili haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi.

Katika Marko 10:21, Yesu anamtazama yule tajiri na kumpenda, kabla hajamwambia kilichompungukia. Halafu anamwacha huru aende, ingawa anaondoka na huzuni. Nadhani ndivyo inavyotupasa kutazama, uwe na kamera au huna. Mungu ametuumba kwa sura yake. Sura ya mwenzako si mali ya simu yako.

Niliomba msamaha, nikaifuta picha. Bibi akasema, "Njoo Jumapili baada ya Misa."

Nilimkuta amevaa kitenge kipya, rozari mkononi, ameketi kwenye kiti mbele ya ng'ombe wake. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, vivuli vibaya. Kwa ufundi, ile ya kwanza ilikuwa bora zaidi, sidanganyi. Lakini hii tuliitazama pamoja, akacheka.

Nikamuuliza, "Bibi, niandike nini chini yake?"

Akafikiri kidogo. "Andika jina langu."

Tuombe: Ee Bwana, wewe unayetutazama kwa upendo, utufundishe kumwona mwenzetu kabla ya kumpiga picha, na kumsikiliza kabla ya kumsemea. Amina.