Sahihi ya Nani?

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la M23 redioni, lakini si wote wajuao kwamba jina hilo ni tarehe. Siku ya 23 Machi 2009, Serikali ya Kongo ilipatana na kundi la CNDP kwamba vita viishe. Wale walioasi mwaka 2012 walijiita kwa siku hiyo, wakidai ya kuwa Serikali haikutimiza neno lake. Basi hapa pana jeshi lililopata jina lake katika mapatano ya amani yaliyovunjika.

Tangu hapo mapatano yamefuatana. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mjini Washington. Tarehe 19 Julai wajumbe wa Kinshasa na wa M23 walitia sahihi mjini Doha. Tarehe 4 Desemba Marais Tshisekedi na Kagame wenyewe walikwenda Washington kuithibitisha kazi hiyo. Halikupita juma moja, M23 wakaingia Uvira, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile la ndugu zetu wa Kigoma.

Mtu akisikia hayo husema: hao ni waongo, wanaapa asubuhi na kuua jioni. Waongo wako, hatukatai. Walakini tukiishia hapo tutakuwa tumelaani tu, wala hatutakuwa tumefahamu. Yafaa tuulize kwanza ahadi ni kitu gani, na ni nani awezaye kuitoa. Mwenye kuahidi hapana budi ajue anachoahidi, akitake kwa moyo wake, tena kiwe katika uwezo wake. Jambo hili la tatu ndilo lisahauliwalo.

Wakulima wa mtama wa Bahi na Kongwa wanalijua bila kufundishwa. Ng'ombe wameingia shambani. Wazee wamekaa chini ya mbuyu. Mchungaji amekiri kosa, akaahidi kwamba hawataingia tena. Lakini mchungaji ni kijana wa kuajiriwa. Mwenye ng'ombe yuko mjini, hakufika barazani, naye ndiye aamuaye wanyweshwe wapi na lini. Tena wachungaji ni watatu, na aliyeahidi ni mmoja. Ng'ombe wakirudi katika mtama baada ya siku nne, je, kijana yule alisema uongo? Huenda hakusema. Wazee ndio waliokosa, kwa kuwa walipokea ahadi ya mtu asiye na uwezo wa kuitimiza, wakarudi nyumbani wakidhani shauri limekwisha.

Tutazame sasa mambo ya Lusaka ya mwaka 1999. Tarehe 10 Julai Kongo, Rwanda, Uganda, Angola, Namibia na Zimbabwe zilitia sahihi mkataba wa kusimamisha mapigano. Twaweza kusema kwamba safari ile wenye ng'ombe walikuja barazani. Waliokosekana walikuwa wachungaji. Chama cha waasi cha RCD kilikuwa kimepasuka vipande viwili miezi michache kabla: kimoja cha Profesa Ernest Wamba dia Wamba, ambaye wengi wetu twamkumbuka kwa kuwa alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nacho kiliegemea Uganda, cha pili cha Emile Ilunga huko Goma, nacho kiliegemea Rwanda. Kila mmoja alidai kwamba kalamu ni yake. Kalamu ikabaki hewani hadi tarehe 31 Agosti, ilipoamuliwa kwamba waanzilishi wote wa chama, watu wapatao hamsini, watie sahihi kila mtu kwa mkono wake.

Na katika Agosti ile ile, kabla wino haujaletwa, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani. Walikuwa marafiki waliovuka mpaka pamoja. Mji si wa Rwanda wala si wa Uganda. Waliouawa ni watu wa Kisangani. Mwezi Juni 2000 walipigana tena siku sita, makombora yakaanguka juu ya nyumba za watu, wakafa raia kwa mamia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa maovu ya vita ile. Rwanda haikuhukumiwa, kwa sababu mahakama iliona haina mamlaka ya kulisikiliza shauri lake; na kukosa hakimu si sawa na kukosa hatia.

Tuangalie jambo moja katika habari hii. Mpasuko wa ndani na mkono wa nje havikuwa magonjwa mawili. Waasi walipogombana, kila upande ulijua pa kukimbilia kutafuta risasi. Na majirani walipogombana, kila mmoja alijua ni kipande kipi cha waasi akitumie. Anayelisha ugomvi wa wenzake asiseme kwamba hawezi kupatana nao kwa kuwa ni wagomvi.

Burundi nayo ilitufundisha jambo lingine. Mwalimu Nyerere aliyasimamia mazungumzo ya Arusha mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, kisha Mzee Mandela akayapokea. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ulitiwa sahihi, lakini makundi mawili yaliyokuwa yakipiga risasi, CNDD-FDD na FNL, hayakuutia. Hayo yenyewe yalikuwa yamegawanyika. Mwaka 2002 vipande vidogo vilitangulia kupatana, na vikubwa vikaendelea na vita; CNDD-FDD ya Nkurunziza haikuacha kweli hadi mapatano ya Novemba 2003, na FNL ilikawia miaka mingi zaidi. Hapa mpatanishi hupatwa na shida ambayo hatupendi kuipuuza. Akimkataa aliyejitenga, huyo atarudi msituni. Akimpa cheo, kila kamanda ataona kwamba njia fupi ya kuwa waziri ni kujitenga na mkubwa wake pamoja na askari mia. Sisi twaona kwamba yafaa kila mwenye bunduki asikilizwe, lakini cheo kisiwe malipo ya kujitenga. Twajua ni rahisi kuliandika neno hili mezani kuliko kulitenda mbele ya mtu mwenye makombora.

Wala sisi wa Dodoma tusizungumze habari hizi kama wageni. Tangu mwaka 1964, katika Kongwa yetu, pale palipofanywa mashamba ya karanga ya Waingereza, palikuwa na makambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika ya Kusini, Namibia, Angola na Zimbabwe. Tuliwapa ardhi, tukawapokea kama wageni wetu. Sababu yao ilikuwa ya haki, na hatuoni aibu. Lakini tulikuwa mkono wa nje. Na mkono huo ulikosea mara moja. Desemba 1974, huko Lusaka, viongozi wa nchi jirani, Mwalimu akiwa mmojawapo, waliwabana wakubwa wa vyama vya Zimbabwe waungane, na kusimamishwa kwa mapigano kukatangazwa. Wapiganaji walioko porini hawakuulizwa. Machi 1975 Herbert Chitepo, mwenyekiti wa ZANU, aliuawa kwa bomu mjini Lusaka, na kabla mwaka haujaisha vijana waliokuwa katika kambi ya Mgagao, Iringa, waliandika waraka wa kuwakataa viongozi wao. Vita vikaendelea.

Mwaka 1979 mambo yalikwenda vingine. Samora Machel na Kenneth Kaunda walikuwa wamechoka: ndege na makomando wa Rhodesia walikuwa wakibomoa madaraja yao na kuua watu wao. Wakawaambia wageni wao waende London wakapatane. Tarehe 21 Desemba sahihi zilitiwa, na wapiganaji wa ZANLA na ZIPRA, watu wengi kwa maelfu, wakaingia makambini pamoja na bunduki zao. Mapigano yakasimama hadi uchaguzi ukafanyika. Wafadhili hawakuwa wamegeuka watakatifu. Walikuwa wameumia, wakasema neno moja. (Ufa kati ya ZANU na ZAPU haukuzibwa kwa hayo, na watu wa Matabeleland waliulipia kwa damu miaka michache baadaye.)

Turudi Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba askari wa Rwanda wamepigana upande wa M23, Rwanda hukana. Kinshasa nayo imejitegemeza kwa vijana wanaoitwa Wazalendo, makundi mengi yasiyo na mkubwa mmoja. Basi Washington ilipokea sahihi ya dola inayosema M23 si wake, na Doha ilipokea sahihi ya Serikali isiyoweza kusema kwamba Wazalendo wote wataitii. Nani basi ameahidi kwamba Uvira haitaguswa? Tukisoma karatasi hizo mbili pamoja, hatumwoni.

Mtu atatuambia kwamba nusu ya mapatano ni afadhali kuliko kukosa. Twakubali. Usiku mmoja bila mizinga ni kitu kikubwa kwa mama mwenye mtoto mchanga. Lakini nusu iitwe nusu. Anayetia sahihi aseme wazi ni askari gani wanaomtii na ni wapi asipofika. Mpatanishi amwulize, mbele ya wote, risasi zake zatoka wapi. Na yule azitoaye aitwe akae kwenye kiti chake mwenyewe, si kiti cha jirani mwenye huruma.

Huko Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Wakongo wamekaa tangu mwaka 1996, na waliozaliwa kambini sasa wana watoto wao. Mkataba utiwapo sahihi, habari zake hufika huko. Mwenye kufikiri kurudi hana haja ya kujua mkataba una vifungu vingapi. Ataka kujua ni nani aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara iendayo kijijini kwake, na huyo apokea amri kutoka wapi.