Picha Haiumwi

Wiki moja baada ya mjomba kupigwa picha ya MRI, nilimwambia neno ambalo mpaka leo lanisuta. Nilimwambia, "Lakini mjomba, si picha imesema huna kitu?"

Mjomba ni kibarua. Kwa miaka amebeba magunia kwenye magodauni ya Changamwe, analipwa kwa siku, na siku asiyoenda halipwi. Mgongo ulipoanza kumsumbua alipaka dawa, akakandwa maji moto, akarudi kazini. Ukazidi. Familia ikachanga kwenye grupu la WhatsApp, mimi nikatoa 3,000, na asubuhi moja tukapanda matatu Chaani, tukavuka Makupa mpaka hospitali moja kisiwani. Alipotoka kwenye ile mashine alilalamikia kelele tu: "Ni kama wamenifungia ndani ya karakana!"

Ripoti ikaja. Diski sawa, mishipa ya fahamu haijabanwa, pingili ziko mahali pake. Daktari akasema, "Picha haionyeshi kitu," akaandika dawa za maumivu na mazoezi.

Mnyapara alipoiona ile karatasi alicheka. Na sisi nyumbani, ingawa hatukucheka, tulianza kumtazama kwa jicho lingine.

Baadaye nilikaa kusoma hilo lidude linaona nini hasa. Kumbe linauliza maji. Mwili wa mtu mzima ni maji kama 60%, na kila tone la maji lina haidrojeni, ambayo kiini chake, protoni, ni kama kisumaku kidogo mno. Ukiingizwa mle, unalazwa ndani ya sumaku ya labda tesla 1.5, yaani takriban mara 30,000 ya nguvu ya dunia inayogeuza sindano ya dira ya nahodha. Protoni, kwa ziada ndogo tu, zinajipanga kufuata ile sumaku. Halafu mashine inazirushia mawimbi ya redio, karibu megahezi 64, chini kidogo ya pale tunaposhikia stesheni za FM kwenye matatu. Zinayumba. Mawimbi yakikatwa zinarudi mahali pake, na zikirudi zinatoa mlio hafifu wa redio. Protoni zilizo kwenye mafuta, kwenye msuli, kwenye uvimbe, kila moja hurudi kwa mwendo wake, na kompyuta inachora tofauti hizo. Zile kelele za karakana ni koili za umeme zinazotetemeka. Hakuna miale ya eksirei hapo. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi iliyowezesha haya, na mimi nasema walistahili.

Lakini maumivu si maji.

Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani. Watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo walipigwa MRI. 52% walionekana na angalau diski moja iliyotuna. Yaani hao wanatembea zao freshi, na picha zao zina kasoro. Basi kama picha inaweza kuonyesha kasoro kwa mtu asiyeumwa, kwa nini tunashangaa ikikosa kuonyesha kitu kwa anayeumwa?

Sisemi mashine ni bure. Mtu mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, au uvimbe unaobana uti wenyewe, MRI inaweza kuuona mapema kuliko eksirei na kumwokolea miguu. Wale wanaosema achaneni na picha, haya ni majini, mimi siko nao. Na daktari hakukosea. Alisema *picha haionyeshi kitu*, na kweli haikuonyesha. Hiyo ni kauli kuhusu picha. Ila kutoka kisiwani mpaka Chaani ikageuka: huna kitu. Ilipofika godauni ikawa: unajifanya. Hayo magunia mengine mawili tuliyabebesha wenyewe juu ya ile karatasi.

Bosi akisema mgongo unamuuma, analetewa kiti kipya. Hakuna anayemwambia alete picha. Kibarua ndiye anayedaiwa ushahidi wa mwili wake mwenyewe, na dhuluma hiyo ni ya zamani kuliko sumaku yoyote.

Utaniambia watu hudanganya, na ni kweli. Kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, na pesa zikitolewa lazima karatasi iwepo. Mwajiri akitaka ushahidi naweza kumwelewa, hata kama kicheko cha mnyapara kiliniudhi. Lakini mimi? Mjomba hakuwa akinidai fidia. Alikuwa akiniambia tu kwamba anaumwa. Nilihitaji ushahidi wa nini?

Nimejiuliza sana, na jibu si zuri. Ni zile 3,000. Nilitaka pesa yangu ionekane. Ingetokea diski imepasuka ningesikitika, ndiyo, lakini pia ningeona mchango wangu umefanya kazi. Picha safi ilinifanya nijione nimeliwa. Hasira ile nikaitupa kwa mgonjwa.

Siku ile nilipomwambia, mjomba hakugomba. Alinitazama tu, akasema, "Picha haiumwi, mwanangu. Mimi naumwa."

Jumapili iliyopita nilimkuta barazani, amekaa ubavu. Nikagundua kwamba tangu haya yaanze sijawahi kumuuliza maumivu yenyewe yakoje. Nikamuuliza.

Akanisogezea mkeka. "Likianza," akasema, akipitisha kidole juu ya mshipi, "laanzia hapa. Usiku, si mchana. Mchana ni mambo mengine. Wewe una haraka?"

Nikamwambia sina.