Tukicheka Jirani Anapofungwa

Jumapili moja baada ya ibada ya pili kijana wa kwaya alitusimamisha chini ya mwarobaini, akatuamkia, kisha akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. "Mwalimu, je, ni dhambi kufurahi timu ya Tanzania inapofungwa na wageni?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Tulimwahidi kwamba tutamjibu katika kurasa hizi, na tangu siku ile swali lake limekuwa likitusumbua, kwa sababu lilitugusa sisi wenyewe kabla ya kumgusa mtu mwingine.

Asiyefuatilia kandanda na aelezwe kwa kifupi. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda klabu nyingine, ambayo ilipitia majina kadhaa, likiwamo la Sunderland, hata mwaka 1971 ikaitwa Simba. Kwa hiyo hawa ni ndugu waliogombana nyumbani, na ugomvi huo una umri mkubwa kuliko uhuru wetu. Siku hizi timu moja ikipambana na wageni katika mashindano ya Afrika, mashabiki wa timu ya pili huhama nchi kwa dakika tisini. Huwa Wamisri, Wamoroko, Waalgeria au watu wa Afrika Kusini, kutegemea ni nani aliyeshuka uwanja wa ndege wiki hiyo.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Dar es Salaam tu. Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020 tulishangilia wote. Lakini Simba au Yanga wakija uwanja wa Jamhuri, mtu akitazama majukwaani ataona nyekundu na kijani kuliko rangi za mji wetu. Timu ya nyumbani inacheza nyumbani kama mgeni. Hilo nalo lastahili makala yake, lakini tuliache.

Tukiri mapema: sisi ni wa Simba tangu utotoni, na kilichotokea tarehe 28 Mei 2023 hatukukisoma magazetini tu. Siku hiyo Yanga walicheza fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger katika uwanja wa Benjamin Mkapa. Fainali ya namna hii haikuwa jambo dogo. Tangu Simba ifike fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, miaka thelathini ilikuwa imepita. Tulikwenda kutazama katika kile vijana wanachokiita kibanda umiza, mabenchi yamejaa, watu wengine wamesimama mlangoni. Upande mmoja waliketi watu wa Yanga, na kati yao alikuwapo mwenzetu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, mzee wa kanisa, mtu wa heshima. Upande wetu tulikuwa Waalgeria.

Wageni walitangulia kufunga. Fiston Mayele alisawazisha katika dakika za mwisho, na kile kibanda nusura kiezuliwe bati. Haukupita muda wageni wakapata la pili, na sasa zamu ya kelele ikawa yetu. Mchezo ukaisha 2 kwa 1. Palikuwa na mtu mmoja wa upande wetu, fundi baiskeli, ambaye alicheka mpaka akakaa chini. Alimwendea mwenzetu yule akampa pole kwa Kiarabu cha uongo, akamwomba amsomee matokeo kwa sauti kwa kuwa eti macho yake ni mabovu. Sisi hatukusema neno, kwa maana tulijiona watu wazima. Tulitabasamu tu.

Ndipo habari ikaenea kwamba kabla ya mchezo, nje ya uwanja, watu walikanyagana milangoni, na kwamba mmoja amefariki na wengine wamejeruhiwa. Mwenzetu alikuwa na mwanawe aliyesafiri kwa basi kwenda kuutazama mchezo ule. Alipiga simu, haikupokewa. Akapiga tena. Watu walianza kutawanyika, na sisi tukatawanyika nao, tukijiambia kwamba usiku umeingia na kwamba asubuhi tutapita kumjulia hali. Tulipopita asubuhi tulimkuta yule fundi baiskeli amelala kwenye mkeka barazani kwa mwenzetu. Alikuwa amekesha naye, amemnunulia muda wa maongezi, amepiga simu kwa kila mtu anayemfahamu Temeke. Kijana alipatikana saa tisa za usiku, mzima, simu yake imeibwa katika msongamano. Aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ndiye aliyekesha. Sisi tuliotabasamu kwa adabu tulilala vizuri kitandani.

Tangu hapo tumelitafakari neno "watani wa jadi" ambalo redio na magazeti hulitumia kila siku kwa hizi timu mbili. Hapa kwetu utani twaujua. Wagogo wana utani wa ukoo kwa ukoo, wana na utani na majirani kama Wahehe, na wazee wetu waliujua kama sheria kamili. Mtani aweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usikasirike. Msibani aweza kuzuia jeneza mpaka apewe kitu, au kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Lakini mtani yule yule ndiye huchimba kaburi. Ndiye huchota maji, ndiye hubeba, ndiye hubaki wakati ndugu wengine wamekwisha kuondoka. Kicheko chake kina gharama, na asiyelipa gharama hiyo hana haki ya kukitumia. Mtu akija msibani akacheka, kisha akaondoka bila kushika jembe, wazee hawakumwita mtani. Walimwita kwa jina jingine, nasi hatutaliandika katika jarida la kanisa.

Wako wanaosema kwamba kumshangilia mgeni ni usaliti wa nchi. Hatukubaliani nao. Kwanza, hizi ni klabu, siyo taifa. Mayele aliyeifungia Yanga siku ile ni Mkongo, kipa Djigui Diarra ni mtu wa Mali, na Simba nayo imejaa watoto wa mataifa mbalimbali. Uzalendo gani utavunjika hapo? Pili, furaha haiamrishwi. Machi 2024, Simba ilipokuwa ikimngoja Al Ahly na Yanga ikimngoja Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, waziri aliyesimamia michezo wakati ule alitamka kwamba Mtanzania atakayevaa jezi ya wageni atatakiwa aonyeshe pasipoti ya huko. Watu wengi walilichukua kwa kicheko. Ukimlazimisha mtu ashangilie, utapata makofi, lakini utakuwa umemfundisha unafiki, na sisi walimu twajua jinsi ilivyo rahisi kulifundisha darasa zima unafiki kwa fimbo moja. Ikawa kwamba timu zote mbili zilitolewa usiku mmoja, tarehe 5 Aprili. Simba ilifungwa 2 kwa 0 Cairo. Yanga ilitoka kwa mikwaju ya penalti huko Pretoria, baada ya shuti la Aziz Ki kugonga mwamba na kudunda chini, na wengi wakaamini mpira ulivuka mstari. Kila upande ulikuwa na msiba wake, na bado kila upande ulipata nafasi ya kumcheka mwenzake. Hatujui kama tucheke au tusikitike tukikumbuka.

Mithali sura ya 24 yatuonya tusifurahi adui anapoanguka. Kijana wetu wa kwaya aweza kujibu kwamba Yanga si adui zake, ni watani, na atakuwa amejibu vema. Lakini na asome kitabu cha Obadia, ambacho ni kifupi, sura moja tu, na ambacho mara chache husikika mimbarani. Nabii anamshitaki Edomu, naye Edomu si mgeni, ni uzao wa Esau, ndugu wa Yakobo. Shitaka lake ni nini? Ni kwamba siku wageni walipoingia Yerusalemu, ndugu alisimama kando, akatazama, akafurahi. Kwa muda mrefu tulidhani kosa lake kubwa ni ile furaha. Tangu usiku ule wa Mei tumeanza kuona kwamba uzito uko katika kusimama kando. Furaha ilikuja juu yake tu.

Sasa tuseme juu ya magazeti na redio, kwa maana ndiko kicheko hiki kinakouzwa. Hatuwachukii waandishi wa michezo. Tulipokuwa tukifundisha watu wazima kusoma, ukurasa wa mpira ulitusaidia kuliko vitabu vingi vya serikali, kwa sababu mtu hutaka kujua kwa hakika nani amefunga. Hata leo asubuhi utaona watu wamesimama mbele ya muuza magazeti, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Lakini mwandishi huchukua nusu ya utani, ile nusu ya kucheka, akaiandika kwa wino mwekundu. Nusu ya jembe haiuziki. Habari za yule aliyefariki mlangoni zilitangazwa, hatusemi zilifichwa. Ila tumewauliza vijana wengi wa mpira hapa mtaani, wanaoweza kututajia kila mfungaji wa msimu ule, na hakuna aliyeweza kutuambia marehemu alikuwa nani, au alikuwa wa timu gani. Nasi pia hatukuweza. Mchezo wa marudiano tarehe 3 Juni kila mmoja anaukumbuka: Yanga walishinda 1 kwa 0 kule Algiers, jumla ikawa 2 kwa 2, na kombe likabaki kwa Waalgeria kwa sababu ya mabao yao mawili ya ugenini. Rais Samia aliwaalika wachezaji Ikulu waliporudi, wakala chakula kama watu walioshinda, na twaona alifanya vema.

Liko jambo baya kuliko kicheko. Mwaka 1993 Simba walitoka sare ya 0 kwa 0 Abidjan na Stella, wakarudi Dar es Salaam nchi nzima ikiwa imekwisha kulihesabu kombe kuwa letu. Tulikaa karibu na redio, walimu na wanafunzi pamoja. Tukafungwa 2 kwa 0. Kesho yake sokoni majina yalikuwa yakitajwa: fulani kauza mechi, fulani kapewa fedha. Nani aliona? Hakuna aliyeona. Na waliosema hayo hawakuwa Yanga. Walikuwa sisi, watu wa Simba, na hatukumbuki kwamba sisi tulinyamaza. Mchezaji aliyekosa bao amekosa bao tu, kama mwalimu akosavyo hesabu ubaoni. Kumwongezea wizi bila ushahidi ni kuvunja amri ya tisa, hata kama uliyesema hayo ulilia usiku kucha. Utani haumfikii mtu huyo, kwa maana hana mtani wa kumchimbia kaburi. Wa kwao ndio wanaomzika.

Basi kijana, jibu letu ni hili. Kumtaka mgeni ashinde si dhambi kwa jinsi tuonavyo. Cheka. Lakini kabla hujacheka jiulize kama leo usiku, mambo yakimwendea vibaya yule unayemcheka, utakwenda kwake. Kama huendi, nyamaza. Na mchezaji usimwite mwizi.

Mwaka 2025 zamu yetu ilifika. Simba ilicheza fainali hiyo hiyo ya Shirikisho na RS Berkane, ikafungwa 2 kwa 0 Moroko tarehe 17 Mei. Marudiano yalikuwa Zanzibar, uwanja wa Amaan, tarehe 25. Simba ilitangulia kufunga na tukaanza kuhesabu, lakini la pili halikupatikana, na dakika za mwisho kabisa Berkane wakasawazisha. Tulizima televisheni. Haikupita nusu saa mlango ukabishwa hodi. Alikuwa mwenzetu yule wa chuo, mzee wa kanisa, amejifunga kichwani khanga ya mkewe ya rangi ya machungwa, maana Berkane huvaa rangi hiyo. Alicheka hapo mlangoni mpaka akashika fremu. Kisha akaingia, akauliza kama kuna chai, akakaa na sisi hadi saa nne za usiku, na ile khanga hakuivua.