Kabureta ya Gari la Kale na Swali la Kitu Kubaki Kilekile

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia kwenye injini. Magari mengi ya Uingereza ya karne ya 20 yalifungwa kabureta za SU, zilizobuniwa na ndugu wa ukoo wa Skinner, ambao familia yao ilikuwa ya wafanyabiashara wa viatu. Kampuni yao ilianzishwa mwaka 1910, na kabureta zao za mwanzo zilikuwa na mvukuto wa ngozi, ambao baadaye ulitolewa na mahali pake pakawekwa pistoni ya chuma. Kabureta ya aina hii ikifunguliwa na kufanywa upya baada ya miaka 50 ya kazi, sehemu zake nyingi hubadilishwa. Hapo huzuka swali la kale la falsafa: kitu kilichobadilishwa sehemu zake ni kilekile, au ni kingine kilichorithi jina?

Kazi ya fundi huonyesha kwanza kwamba sehemu zote hazina uzito mmoja. Pistoni ya SU hupanda na kushuka kwa kufuata hewa inayovutwa na injini, na chini yake kuna sindano inayoingia ndani ya jeti. Sindano ikipanda, nafasi huongezeka na petroli hupita kwa wingi zaidi. Katika kabureta ya SU ya aina ya HS4, tundu la jeti lina upana wa milimita 2.29 hivi, kwa hiyo hata ulikaji usioonekana kwa macho hutosha kuharibu mchanganyiko. Sindano, jeti, gasketi na vali ya boya ni vitu vya kuchakaa na kubadilishwa. Shafti inayobeba kipepeo cha hewa nayo huanza kucheza katika matundu yake. Hewa hupenya pembeni, na injini huyumba dereva anapotoa mguu kwenye pedeli ya mafuta. Dawa yake ni kuchonga matundu upya na kutia bushi.

Pistoni na kifuniko chake hufuata sheria nyingine. Viwili hivi hupatanishwa kiwandani kwa mwanya mdogo sana, na havichanganywi na vya kabureta nyingine. Ili kuvipima, matundu ya pistoni huzibwa, vyote hugeuzwa juu chini, kisha kifuniko huachwa kishuke kwa uzito wake. Katika HS4 kinatakiwa kuchukua sekunde 5 hadi 7. Pistoni nzima kabisa iliyotoka kwenye kabureta jirani inaweza kushindwa mtihani huu, kwa sababu kinachopimwa hapa ni uhusiano wa vipande viwili.

Jibu la kwanza kwa swali la utambulisho ni la mata: kitu ni kilekile maadamu kimeundwa kwa vipande vilevile. Jibu hili linaeleweka haraka, lakini halifiki mbali. Likishikwa kikamilifu, kabureta ingekoma kuwa yenyewe siku ilipobadilishiwa gasketi ya kwanza, na hakuna anayeamini hivyo. Likilegezwa kwa kusema kwamba inatosha vipande vingi vibaki, litadaiwa idadi, na hakuna sababu ya kuchagua nusu badala ya theluthi.

Jibu la pili limo katika kitabu cha Kibudha cha mazungumzo ya mfalme Milinda na mtawa Nagasena. Nagasena anamuuliza mfalme kama gari lake la farasi ni ekseli, magurudumu au nira. Mfalme anakana kila kimoja, na wote wanakubaliana kwamba neno gari ni jina tu linalotumika vipande hivyo vinapokuwa pamoja. Sheria za usajili wa magari zinaelekea kumuunga mkono Nagasena. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi, gari lililobadilishwa sana lilihitaji pointi 8 ili libaki na namba yake: fremu ilipewa 5, injini 1, na kabureta haikupewa hata moja. Huo ulikuwa mpango wa watu kwa mahitaji yao. Hata hivyo, pistoni na kifuniko chake huliwekea jibu hili mpaka. Watu wanaweza kukubaliana jina, lakini hawawezi kukubaliana kwamba vipande visivyopatana vipatane.

Jibu la tatu hutazama umbo na kazi, kwa njia ya Aristotle: kitu ni kile kinachotenda kazi yake. Kwa mtazamo huu, kabureta iliyotiwa bushi na jeti mpya imerudishiwa nafsi yake, kwa kuwa iliyochakaa ilikuwa imeacha kufanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba kabureta mpya za SU bado zinatengenezwa Uingereza. Moja yao hufanya kazi ileile, na huenda kwa ubora zaidi, lakini haiwi ile ya zamani. Kazi hueleza kitu ni cha aina gani. Haielezi ni kipi kati ya vilivyo sawa.

Kinachobaki ni historia isiyokatika. Plutarch alieleza jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kubadili mbao zilizooza, na mwaka 1655 Thomas Hobbes akauliza ingekuwaje mtu angezikusanya mbao za zamani na kuunda merikebu ya pili. Mwaka 1990 swali hilo lilifika Mahakama Kuu ya London. Gari la Bentley lililoitwa Old Number One, mshindi wa mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930, lilikuwa linauzwa kwa pauni milioni 10, na mnunuzi alikataa kwa hoja kwamba sehemu chache sana za mwaka 1929 zilikuwa zimebaki. Jaji Otton aliamua kwamba gari hilo lilistahili jina lake, kwa kuwa historia yake haikuwahi kukatika na hapakuwa na gari jingine la kudai jina hilo.

Kwa binadamu hoja huenda mbali zaidi. Al-Ghazali, alipojadili ufufuo katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alitaja kwamba sehemu za mwili hubadilika tangu utotoni hadi uzeeni na mtu akabaki yuleyule, kwa kuwa mtu ni mtu kwa roho yake. Kabureta haina roho ya kuunganisha jana na leo, na haiwezi kujishuhudia. Historia yake huhifadhiwa na wanaoitunza. Kwa hiyo uaminifu ni sehemu ya ufundi: kilichobadilishwa kiandikwe, sehemu za zamani zihifadhiwe, na mnunuzi aambiwe ukweli. Kabureta iliyofanywa upya kwa namna hiyo ni ileile, na anayeificha historia yake ndiye anayeigeuza kuwa nyingine.