Masizi ya Chartres na Ukweli wa Jengo Takatifu

Mtu anayezuru Chartres, mji wa Ufaransa ulio kusini-magharibi mwa Paris, huenda hasa kwa ajili ya kanisa kuu la mji huo, yaani kanisa lenye kiti rasmi cha askofu, ambalo lilijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1194 kuteketeza sehemu kubwa ya lile lililotangulia. Mji huo ulihifadhi tangu karne ya 9 vazi lililosadikiwa kuwa la Bikira Maria, na lilipopatikana salama baada ya moto, watu waliokuwa wamekata tamaa walilichukulia jambo hilo kuwa ishara kwamba Maria mwenyewe anataka nyumba iliyo bora zaidi, wakajenga kwa kasi ambayo hata leo inashangaza, na kanisa likatabarukiwa mwaka 1260.

Waliojenga hawakutafuta ukubwa tu. Katika karne ya 12 Suger, abate wa Saint-Denis, ambaye ni mkuu wa watawa wa monasteri hiyo, alikuwa amefundisha kwamba nuru ionekanayo kwa macho humwinua mwanadamu kuelekea Nuru isiyoonekana, na kwa fikra hiyo vioo vya rangi vilikuwa sehemu ya mafundisho yenyewe, wala havikuwa pambo. Kuta nazo zilipakwa lipu ya rangi ya manjano hafifu na kuchorwa mistari myeupe iliyoiga maungio ya mawe. Kisha moshi wa mishumaa na taa, pamoja na vumbi la karne nyingi, ukazifunika kwa masizi, hata ikadhaniwa kwamba giza hilo ndilo sura ya asili ya Enzi za Kati.

Ukarabati wa ndani ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000 uliyaondoa masizi hayo, na ukazua ubishi mkali. Waliopinga walidai kwamba vioo hung'aa zaidi penye giza, na kwamba moshi wa sala za vizazi vingi una haki ya kubaki ukutani kama ilivyo lipu ya waashi wa kwanza. Dai la pili lina uzito, kwa kuwa jengo la ibada hukamilishwa na wanaolitumia. Hata hivyo haliwezi kukubaliwa lote, maana hakuna mwumini aliyewasha mshumaa kwa nia ya kuutia ukuta weusi, na mapenzi ya giza makanisani yana asili zaidi katika ladha ya karne ya 19, iliyovutiwa na magofu, kuliko katika imani ya waliojenga. Ukuta uliokusudiwa kupokea nuru haudhulumiwi unaporudishiwa nuru.

Sanamu ya Bikira Maria wa Nguzo, iliyomo katika kanisa hilohilo na iliyochongwa kwa mti mwanzoni mwa karne ya 16, ni jambo jingine kabisa. Mahujaji waliizoea ikiwa na uso mweusi, lakini baada ya kukarabatiwa imeonekana na uso mweupe wenye rangi. Wataalamu wana ushahidi wa tabaka za rangi za zamani, na kwa elimu ya historia ya sanaa huenda hilo likatosha. Lakini sanamu ya ibada hutazamwa usoni na mtu anayeomba, wala haiko pale kwa ajili ya kupokea nuru, na uso unaozoeleka kwa vizazi huwa sehemu ya maombi yenyewe; kuubadilisha kwa hoja ileile iliyosafisha ukuta ni kuchanganya mambo mawili yasiyo ya namna moja.

Ugumu unazidishwa na sheria. Tangu Ufaransa itenganishe dini na dola mwaka 1905, majengo ya makanisa makuu kama hili yanamilikiwa na serikali, huku Kanisa Katoliki likiyatumia kwa ibada, kwa hiyo ukarabati husimamiwa na watumishi wa dola isiyo na dini, ambao kwa wajibu wao huuliza sanamu ilikuwaje mwanzo. Mahujaji wanaotembea kwa miguu kutoka Paris kila Pentekoste huja na swali tofauti, nalo ni nani anayewasikiliza.